Namba Isipotee Njiani: Kebo na Adapta Zinazounganisha Mashine za Maabara na Kompyuta

Mgonjwa akishatolewa damu na kichupa kikapelekwa maabara, huamini kwamba kazi iliyobaki ni ya mashine na mtaalamu anayeiendesha. Imani hiyo ni ya haki, lakini inaruka hatua moja. Mashine ikimaliza kupima, majibu huanza safari: hutoka ndani ya mashine, hupita kwenye kebo, huingia katika kompyuta ya maabara, na kutoka hapo humfikia daktari atakayeamua tiba. Makala haya yanahusu kipande kifupi cha njia hiyo, yaani kebo na adapta zilizo kati ya mashine na kompyuta. Yataeleza jinsi ya kuziunganisha, jinsi ya kutafuta hitilafu, na kwa nini jambo linaloonekana kuwa la fundi peke yake ni jambo la usalama wa mgonjwa.

Majibu huingia kwenye kompyuta kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kunakili kwa mkono: mtaalamu husoma karatasi iliyochapwa na mashine, kisha huandika namba kwenye kompyuta au daftari. Katika maabara yenye sampuli nyingi, 13.6 inaweza kuandikwa 16.3, au majibu ya mgonjwa mmoja yakaingizwa kwenye jina la mwingine. Njia ya pili ni kebo, nayo hupunguza sana makosa ya aina hiyo. Hata hivyo, kebo iliyopangwa vibaya nayo hukosea, na ukosaji wake una tabia yake. Mwanadamu hukosea mara mojamoja, lakini kebo hukosea vilevile kila siku hadi mtu agundue. Tena namba iliyoandikwa na kompyuta huaminiwa upesi kuliko namba ya mkono.

Tundu la mfululizo ni nini?

Nyuma ya mashine nyingi za kupima picha kamili ya damu, kemia ya damu au mkojo, kuna tundu dogo lenye umbo la herufi D na pini 9 zilizopangwa katika safu mbili, tano katika safu moja na nne katika nyingine. Katika mashine za zamani tundu hilo huwa kubwa zaidi, lenye pini 25. Tundu hili hufuata kiwango kiitwacho RS-232, kilichotolewa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1960. Tunaliita tundu la mfululizo kwa sababu taarifa hupita humo biti moja baada ya nyingine, kama watu wanaopita mmoja mmoja katika mlango mwembamba.

Kompyuta nyingi za leo hazina tundu hilo, kwani nafasi yake imechukuliwa na USB, iliyoanza mwaka 1996. Mashine za maabara, kwa upande wake, ni ghali na hudumu miaka mingi, na watengenezaji wameendelea kuziwekea tundu la mfululizo kwa kuwa ni imara na rahisi kueleweka. Hapo ndipo adapta inapohitajika: kifaa kidogo ambacho upande mmoja kina plagi ya USB na upande wa pili kina tundu la pini 9.

Tahadhari ya kwanza ni ya macho. Tundu la skrini la kompyuta, lenye matundu 15 katika safu tatu, lina ukubwa unaokaribiana na la pini 9. Plagi isipoingia kwa urahisi, isilazimishwe, kwani pini ikipinda itaanza kugusa au kutogusa bila mpango, na hitilafu ya aina hiyo ndiyo ngumu kuliko zote kuitafuta.

Kinywa na sikio

Kati ya pini zote 9, tatu ndizo zinazobeba mzigo mkubwa. Katika tundu la kompyuta, pini ya 3 ni kinywa, maana ndiyo inayotuma; pini ya 2 ni sikio, maana ndiyo inayopokea; na pini ya 5 ni waya wa rejea, ambao pande zote mbili hupimia volti zake. Katika tundu la pini 25, waya wa rejea uko kwenye pini ya 7.

Kinywa cha upande mmoja lazima kifike kwenye sikio la upande wa pili. Tatizo ni kwamba watengenezaji hawakuafikiana. Baadhi ya mashine hutuma kupitia pini ya 2, na hizo huhitaji kebo nyoofu, ambayo pini ya 2 huenda kwa pini ya 2 na ya 3 kwa ya 3. Mashine nyingine hutuma kupitia pini ya 3 kama kompyuta, na hizo huhitaji kebo iliyopishanishwa, ambayo pini ya 2 huenda kwa ya 3 na ya 3 kwa ya 2. Kwa nje kebo hizi mbili hufanana kabisa. Ukikosea kuchagua, kinywa kitaunganishwa na kinywa na sikio na sikio, wala hakuna upande utakaosikia neno.

Njia ya uhakika ya kujua ni kusoma kitabu cha mashine. Kitabu kikiwa kimepotea, tumia mita ya umeme. Chomoa kebo, washa mashine, weka mita kwenye volti za mkondo mnyoofu, gusisha waya mweusi kwenye pini ya 5 na mwekundu kwenye pini ya 2, kisha kwenye pini ya 3. Pini inayoonyesha volti hasi, kwa kawaida kati ya -5 na -12, ndiyo kinywa cha kifaa hicho, kwa kuwa waya wa kutumia hubaki kwenye volti hasi unapokuwa kimya. Pima pia upande wa adapta ikiwa imechomekwa kwenye kompyuta. Vinywa vikiwa kwenye pini zenye namba tofauti, tumia kebo nyoofu. Vikiwa kwenye namba moja, tumia iliyopishanishwa. Ukishaitambua kebo, ibandike karatasi yenye jina lake, ili atakayekuja baada yako asianze upya.

Kuchagua na kusimika adapta

Sokoni kuna adapta za namna mbili zinazochanganywa mara kwa mara. Namna ya kwanza hutoa volti halisi za RS-232, nayo ndiyo inayofaa. Ya pili hutengenezwa kwa ajili ya mafundi wa vifaa vidogo vya kielektroniki na hutumia volti 3.3 au 5 tu. Hii ya pili isiunganishwe na mashine ya maabara: haitaelewana nayo, na yenyewe inaweza kuungua.

Ndani ya kila adapta kuna kipande cha kielektroniki kinachofanya tafsiri. Vinavyojulikana zaidi hutengenezwa na FTDI, Prolific, Silicon Labs na WCH. Kila kimoja huhitaji programu endeshi yake, ambayo mafundi huiita draiva. Vipande vya bandia ni vingi, na watengenezaji wamepambana navyo kupitia programu hizo. Mwaka 2014 FTDI ilitoa programu endeshi iliyozima vipande vilivyoghushiwa, na programu endeshi za karibuni za Prolific hukataa vipande vya bandia pamoja na baadhi ya matoleo ya zamani. Kwa hiyo adapta iliyofanya kazi jana inaweza kugoma leo baada ya Windows kujisasisha, ilhali hakuna aliyeigusa. Maabara inayotegemea adapta inunue mbili za aina moja kutoka kwa muuzaji anayeaminika, moja ya kazi na moja ya akiba.

Adapta ikichomekwa, Windows huipa namba, kwa mfano COM3 au COM5. Namba hiyo ndiyo anwani ambayo programu ya maabara itaitumia. Mara nyingi adapta ikihamishiwa tundu lingine la USB hupewa namba mpya, na programu hubaki ikisubiri kwenye anwani ya zamani. Weka alama kwenye tundu la USB lililochaguliwa, na uwaeleze wenzako kwamba tundu hilo si la kuchajia simu. Kisha fungua orodha ya vifaa vya kompyuta, tafuta mipangilio ya umeme ya adapta na matundu ya USB, na uondoe ruhusa ya kompyuta kuvizima ili kuokoa umeme.

Makubaliano ya mazungumzo

Nyaya zikishakutana, pande mbili lazima zikubaliane mambo matano: kasi, idadi ya biti katika kila herufi, biti ya uhakiki iitwayo pariti, biti za kumalizia, na udhibiti wa mtiririko. Mpangilio unaokutwa mara nyingi ni kasi ya 9600, biti 8, bila pariti, na biti 1 ya kumalizia. Kwa mpangilio huo kila herufi hutumia biti 10 ukijumlisha ile ya kuanzia, hivyo herufi 960 hupita kila sekunde. Mipangilio ya mashine husomwa kwenye skrini au kitabu chake, na ya kompyuta huandikwa ifanane nayo neno kwa neno.

Kasi ikitofautiana, kosa hujitangaza lenyewe: skrini hujaa alama zisizosomeka, au hubaki tupu. Hatari kubwa iko kwenye kosa lisilojitangaza, na mfano wake unastahili kuelezwa kwa kirefu.

Baadhi ya mashine hutuma biti 7 pamoja na pariti ya shufwa. Maana yake ni kwamba mashine huhesabu biti zenye thamani ya moja katika kila herufi. Zikiwa witiri, huongeza moja nyingine katika nafasi ya nane ili jumla iwe shufwa. Sasa chukulia kompyuta imepangwa kupokea biti 8 bila pariti. Kwa pande zote mbili kila herufi ina jumla ya biti 10, kwa hiyo mapokezi huendelea bila kukwama. Lakini kompyuta huisoma ile biti ya nane kama sehemu ya herufi. Tarakimu 0, 3, 5, 6 na 9 zina idadi shufwa, hivyo hufika salama, pamoja na nukta. Tarakimu 1, 2, 4, 7 na 8 zina idadi witiri, nazo hugeuka kuwa alama za ajabu; tarakimu 1, kwa mfano, huweza kuonekana kama ±.

Mwanamume mwenye hemoglobini ya 13.6 hana upungufu wa damu. Majibu yake yakipita katika kebo hiyo, kompyuta itapokea ±3.6. Programu iliyoandikwa kwa uangalifu itayakataa majibu hayo na kutoa onyo. Programu iliyoandikwa bila uangalifu inaweza kuitupa alama isiyoitambua na kubakiza 3.6, namba inayomfanya daktari afikirie kuongeza damu mara moja. Siku hiyohiyo mgonjwa mwenye 9.5 atapata majibu sahihi kabisa, na fundi aliyejaribu kwa sampuli hiyo moja ataondoka akisema kila kitu kiko sawa.

Kinga dhidi ya jambo hili ipo. Mashine nyingi hutumia kanuni ya mawasiliano ya ASTM, ambayo kila fungu la taarifa huambatana na hesabu ya uhakiki. Mpokeaji hurudia hesabu hiyo. Ikilingana hujibu kwamba amepokea, isipolingana hukataa na mtumaji hurudia. Palipo na kanuni hiyo, itumieni. Mashine ambayo humwaga namba kwenye kebo bila kusubiri jibu inahitaji uangalizi zaidi.

Kutafuta hitilafu kwa utaratibu

Kanuni ya kutafuta hitilafu ni ileile ya uchunguzi wa mgonjwa: anza na yaliyo wazi, badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, na andika ulichofanya.

1. Kagua kwa macho. Je, mashine imewashwa na imeruhusiwa kutuma majibu? Je, skrubu mbili za plagi zimekazwa? Plagi isiyokazwa hulegea kila meza inaposogezwa.

2. Tazama orodha ya vifaa kwenye kompyuta. Adapta isipoonekana, au ikionekana na alama ya onyo, tatizo ni adapta au programu endeshi yake. Usipoteze muda kwenye mashine.

3. Linganisha namba ya COM iliyo kwenye orodha na ile iliyoandikwa katika programu ya maabara. Kumbuka pia kwamba tundu moja hutumiwa na programu moja tu kwa wakati mmoja, hivyo programu ya majaribio iliyosahauliwa wazi huifungia nje programu ya maabara.

4. Fanya jaribio la mwangwi. Chomoa kebo kutoka kwenye adapta, unganisha pini ya 2 na ya 3 ya adapta kwa kipande kifupi cha waya, fungua programu kama PuTTY au Tera Term bila udhibiti wa mtiririko, kisha andika herufi. Zikirudi kwenye skrini, adapta ni nzima. Rudisha kebo kwenye adapta, iache ikiwa imechomolewa kwenye mashine, na urudie jaribio kwenye ncha yake ya mbali. Herufi zikirudi tena, nyaya hizo mbili za kebo ni nzima, na kilichobaki ni mashine, mpangilio, au aina ya kebo.

5. Soma dalili. Kimya kabisa baada ya majaribio yote huashiria kebo isiyo ya aina yake, au mashine inayosubiri ishara ya ruhusa kupitia pini ambazo kebo ya nyaya tatu haina. Alama zisizosomeka tupu huashiria kasi isiyolingana. Mchanganyiko wa namba sahihi na alama za ajabu huashiria biti na pariti. Majibu yanayoanza vizuri kisha yakakatika katikati huashiria udhibiti wa mtiririko. Mawasiliano yanayokufa kompyuta ikikaa kimya kwa muda huashiria mpangilio wa kuokoa umeme.

6. Iwapo kishale cha kipanya kinarukaruka chenyewe, Windows imeidhania mashine kuwa ni kipanya cha zamani, kwa kuwa ilikuwa ikituma taarifa wakati kompyuta inawaka. Izime kazi ya kipanya hicho katika orodha ya vifaa, na kuanzia hapo washa kompyuta kwanza, mashine baadaye.

Anayeomba msaada kwa kumtumia fundi picha ya skrini ahakikishe kwanza kwamba jina na namba ya mgonjwa havionekani. Ni vyema zaidi kutumia majibu ya sampuli ya udhibiti wa ubora.

Umeme na usalama

Kebo ya mfululizo huunganisha waya wa rejea wa mashine na ule wa kompyuta. Vifaa hivyo vikichomekwa kwenye soketi zenye waya wa ardhi usiolingana, au mmoja ukiwa haupo kabisa, mkondo unaweza kupita katika kebo na kuunguza matundu ya pande zote mbili. Chomeka mashine na kompyuta kwenye chanzo kimoja chenye waya wa ardhi uliopimwa, na palipo na radi au umeme usiotulia tumia adapta iliyotenganishwa kiumeme ndani yake. Kebo isizidi mita 15 bila ushauri wa mhandisi.

Kifaa kilichounganishwa na mwili wa mgonjwa, kama kifuatilia mapigo ya moyo, ni suala tofauti kabisa. Kompyuta ya kawaida isiunganishwe nacho kwa kebo ya sokoni. Kazi hiyo ni ya mhandisi wa vifaa tiba, atakayehakikisha kwamba hakuna mkondo unaoweza kumfikia mgonjwa.

Uthibitisho kabla ya kuamini

Kebo ikishafanya kazi, bado haijathibitishwa. Chapa majibu ya sampuli kadhaa kutoka kwenye mashine yenyewe, kisha yalinganishe na yale yaliyo kwenye kompyuta: namba ya sampuli, jina la kipimo, tarakimu, nukta na kizio. Hakikisha kwamba kati ya majibu uliyolinganisha tarakimu zote kumi, kuanzia 0 hadi 9, zimejitokeza. Mfano wa hapo juu umeonyesha sababu. Jumuisha majibu ya chini sana, ya juu sana, na yale ambayo mashine imeyawekea alama ya tahadhari. Uthibitisho huu urudiwe kila kompyuta, adapta, kebo au programu inapobadilishwa, na karatasi zake zitunzwe pamoja na kumbukumbu za ubora za maabara.

Kwa daktari, muuguzi na mgonjwa

Mpokeaji wa majibu naye ni sehemu ya ulinzi. Hemoglobini ya 3.6 kwa mtu aliyekuja kwa miguu, asiyehema kwa shida na mwenye viganja vyekundu, inadai simu kwa maabara kabla ya chupa ya damu. Ombi liwe mahususi: maabara isome namba iliyo kwenye mashine yenyewe, na ikibidi irudie kipimo kwa sampuli mpya. Hali ya mgonjwa ikiwa mbaya, tiba ya dharura iendelee wakati uhakiki unafanyika.

Nawe mgonjwa, una haki ya kuuliza. Majibu ya leo yakitofautiana mno na ya mwezi uliopita, ilhali hujihisi tofauti, mwambie daktari kwa lugha ya kawaida: "Majibu haya yananishangaza, naomba yahakikiwe." Tunza nakala za vipimo vyako vya nyuma, kwani ndizo zinazowezesha tofauti hiyo kuonekana. Mtaalamu wa maabara anayejua kazi yake hatachukia swali hilo. Atarudi kwenye mashine, atasoma namba iliyomo, ataifuata katika kebo hadi kwenye karatasi uliyoishika, na kukueleza alichokikuta.